Katoni Zenye Jina la Dismas

Sogeeni, wanangu, Thomas huku kulia na Caro huku kushoto, maana leo nina pumzi na kesho sina hakika nayo. Nisikilizeni mpaka mwisho bila kunikatiza. Mtalia baadaye.

Juzi mlipoingia wodi hii, Caro alinipita hapa kitandani akaenda kumwuliza nesi baba yake yuko wapi, nami namwangalia. Sikukulaumu, mwanangu. Nilikuacha una miaka saba, na ugonjwa huu umenimaliza mwili. Lakini Thomas aliposema kwamba miaka yote mlivishwa na baba mdogo Dismas, na kwamba mimi nilioa huku China nikawasahau, hapo nilitamani nife.

Dismas! Tumenyonya ziwa moja. Mama yenu alipofariki nilimkabidhi ninyi pamoja na kihamba chetu, shamba la ukoo kule Kilema, nikaenda kutafuta, Bangkok kwanza, kisha Guangzhou hii. Kila Novemba, miaka kumi na mmoja, nilifunga katoni ya Krismasi kwa mikono yangu. Nguo nilizichagua mwenyewe kule soko la nguo la Shisanhang, nikibishana na laobani mwenye duka mpaka ananifukuza, nami narudi. Gauni jekundu lenye lesi, Caro, ulilivaa? Suti ya kipaimara ya Thomas? Zilikuwa zangu. Na mfukoni kila mwaka palikuwa na barua. Ndugu yangu wa tumbo moja aliichomoa, akawagawia nguo akisema ni zake, akapokea na asante yenu. Aliniua kabla ya maradhi.

Ila mlango nilimfungulia mimi. Sisi wa biashara hii ya kutuma mizigo hatuandiki jina la anayetuma. Katoni huandikwa jina la anayepokea, isipotee bandarini. Basi niliandika kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa, DISMAS MOSHI. Mngeamini nini tena?

Nimelala hapa naifikiria Krismasi, na ni keshokutwa tu. Nimeimba kanisani tangu utoto kwamba Mungu amezaliwa, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini alijisumbua. Alikuwa na manabii wa kuwatuma, na malaika pia. Aliwatuma sana, na watu wakasikia walichotaka kusikia, na wajanja wakala kwa jina lake. Mwishowe akaja mwenyewe, mtoto mchanga wa kunyonya na kubadilishwa nepi, mtu akamshika shavu akasema huyu hapa, nimemwona. Tangu hapo nani atatuambia ametusahau? Mimi nilijiona baba mwema kwa sababu katoni ilifika. Kila mwaka nilisema nikimaliza mzigo huu nitapanda ndege. Disemba Wachagga wote wanapanda kwao mlimani, hata walevi, hata wezi, mimi nikatuma nguo.

Sasa shikeni neno langu. Kihamba ni chenu wawili, Caro nusu kamili, na atakayesema msichana harithi aje kunieleza kaburini. Maandishi yake anayo Wilbard, yule jirani yangu aliyewatafuta mpaka mkanipata. Mkifika nyumbani, msimtumie Dismas mtu wala barua. Nendeni kwake wenyewe, mchana kweupe, mkae mbele yake, mmwambie, tumemwona baba kwa macho yetu. Mwambieni sijamsamehe. Nimejaribu, Mungu anajua, moyo umekataa. Mwambieni pia kwamba nilitaka.

Nimechoka. Thomas, niinue kichwa. Baraka ya baba haitumwi, lazima mate yake yaguse paji la uso wa mtoto, ndivyo baba yangu alivyonifanyia siku naondoka. Nipe maji, mdomo umekauka. Kidogo tu. Basi.

Mzae, mzeeke, muonane. Asiwepo wa kusimama kati yenu na watoto wenu... Haya, Thomas. Umepata. Sasa wewe, Caro. Inama. Inama zaidi, mwanangu, sikufikii.