Mikono ya Chausiku

Bismillahi. Farhan, hiyo simu ilaze kifudifudi hapo mkekani. Sauti rekodi, sikukatazi, lakini sura yangu iache, maana nimekula maisha yangu yote kwa kuwageuza watu nyuso zielekee kwenye mwanga, na najua mwanga wa dirisha hili unamfanya nini mtu aliyekonda. Esha, ninyanyulie mto kidogo. Maulida, wewe njoo ukae upande huu ninaoona vizuri, kwa sababu ninalotaka kusema ni lenu nyote watatu, lakini wewe ndiye litakayekuuma zaidi. Sikilizeni wanangu, na msinikatize, pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana.

Nianze na mepesi. Nyumba hii na vilivyomo mgawane kwa sheria aliyoiweka Mwenyezi Mungu, shehe atawaongoza, na asije mmoja wenu akasema baba aliniahidi hiki, sikumwahidi mtu. Kamera na lenzi zake nilimpa Esha nikiwa mzima wa afya, siku alipoanza kunishikia upande wa wanawake kwenye maharusi, ambako mimi na ndevu zangu nisingeruhusiwa kukanyaga. Hiyo ni zawadi iliyokwishapita, haimo kwenye urithi. Lile shuka la buluu la kupigia picha za pasipoti lichaneni mfanye matambara, limeshaona nyuso za kutosha.

Kimebaki kiwanja cha Mapinga. Hicho, wanangu, si changu. Kunjua uso, Farhan, sijakiuza wala sijakiweka rehani. Kile ni mali ya mama yenu, Chausiku, Mungu amrehemu, yeye ndiye aliyekifanyia kazi bila kujua. Kigaweni kama mali yake, na fungu langu mimi mume nimeliacha, silitaki. Sasa nitawaeleza ilikuwaje, na huko ndiko kwenye mzigo wangu.

Mnajua sikuwahi kuwa na studio yenye kibao. Studio yangu ilikuwa begi na miguu. Nimeingia Mbegani nikawapiga picha vijana wa chuo cha uvuvi, kila mmoja akitaka ashike samaki yule yule mkubwa, mpaka samaki akaanza kunuka na picha hazijaisha. Nimekwenda Mapinga kumpiga bwana mmoja wa Dar es Salaam katikati ya pori, amevaa suti, mguu mmoja juu ya jiwe la mpaka wa kiwanja chake, akaniambia nihakikishe nyumba inaonekana, na nyumba ilikuwa bado iko kichwani mwake. Kiwangwa nimelipwa mananasi mpaka ninyi mkatokwa vidonda vya ulimi, mnakumbuka. Wateja walinipenda kwa sababu sikumpiga mtu akiwa na haya. Nilikuwa namwambia, tulia, shusha mabega, mikono mapajani, usitikisike, hapo hapo. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Mama yenu sikumpiga. Enzi za filamu kila picha ilikuwa na mwenyewe aliyeilipia, nami kila alipojifunga kanga mpya akasimama mlangoni nilimwambia ngoja nimalize za wateja, zikibaki mbili tatu nitakupiga wewe. Hazikubaki. Kadi yake ya kupigia kura aliifunga kwenye pindo la kanga, na jasho likafuta uso. Nimewaambia miaka yote hii kuwa picha za mama yenu zilikuwepo, na kwamba masika moja paa lilivuja likaziharibu. Paa halikuvuja. Niliwadanganya. Kaa kimya, Esha, bado.

Mwaka nilionunua kompyuta alinijia mama mmoja wa Kiwangwa, mkulima, jina lake Marselina. Alikuwa amefiwa na mama yake, na baada ya misa ya kumaliza mwaka ndugu walitaka waone picha ya mzee wao ukutani. Alichokuwa nacho ni kipicha cha pasipoti, kichwa na shingo basi. Mnaijua kazi hiyo, siku hizi kila mtu anaifanya: unachukua kichwa cha marehemu unakiweka juu ya mwili wa aliye hai, unamvisha, unamkalisha kitini, watoto wanapata mzazi mzima. Wanaume niliwaweka juu ya mwili wangu mwenyewe. Mkipita huko mkaona babu wa watu ana mabega ya baba yenu, msicheke. Mwili wa mwanamke nilikuwa sina. Nikamwomba mama yenu.

Marselina alikuja na gauni la kitenge la mama yake na rozari yake, akaomba mikono iishike. Chausiku akaniangalia. Mtoto wa Kiislamu, baba yake mwalimu wa madrasa, ashike rozari! Kisha akamwangalia yule mama alivyosimama na gauni la marehemu limekunjwa mkononi, akasema, mtu amefiwa huyu, nipeni. Akavaa, akajifunga kilemba, akakaa kwenye kile kiti chetu cha mgongo mrefu. Nami nikamwambia kama ninavyomwambia kila mtu, tulia, usitikisike. Kabla sijabonyeza akasema, Baba Farhan, hii ya mwenzangu, lakini na mimi nataka yangu, yenye kichwa changu. Nikamwambia picha ni hiyo hiyo moja, nitakusafishia yako kwanza ndipo nifanye ya mteja. Akacheka. Nilibonyeza akiwa anamalizia kucheka.

Niliisafisha moja mjini, nikampelekea Marselina aone mavazi na rozari vilivyokaa, akaridhika. Kisha nikakaa kwenye kompyuta, nikakata kichwa cha mama yenu, nikaweka cha mama wa watu. Kazi ikatoka nzuri, wakalia, wakaniletea wateja wengine. Kila aliyefiwa na mama au shangazi alikuja kwangu. Nikawa naurudia mwili ule ule: huyu nimbadilishie rangi ya gauni, huyu nimwondolee rozari nimpe tasbihi, huyu nimpanue kidogo. Mtoto mmoja aliniuliza mbona mikono ya mama imekuwa ya kijana, nikamjibu amepumzika kazi, mikono imepona. Nilijiona fundi kweli kweli. Kiwanja cha Mapinga kimetoka hapo, na ndiyo maana nasema si changu. Mama yenu sikumwambia. Ile yake, alipouliza, nilimwambia ngoja nimalize za wateja.

Maji, Maulida. Kidogo tu. Ahsante mwanangu.

Siku moja alikwenda msibani Mbegani na wanawake wenzake. Akaingia chumbani kwa wafiwa, akaona ukutani picha ya bibi mmoja aliyekufa zamani, na chini ya uso wa yule bibi akaiona mikono yake mwenyewe, na lile kovu kwenye kidole cha shahada, alilokatwa na mbuzi ya nazi siku za mwanzo za ndoa yetu. Binti wa marehemu alikuwa amekiwekea kioo kiganja, analia. Mama yenu alilia nao, akala ubwabwa wa msiba, akarudi. Hakupiga kelele, mnajua hakuwa mtu wa kelele. Alisimama mlangoni pale, akaniuliza, Baba Farhan, umenizika mara ngapi?

 Akasema, usinipige tena picha mpaka unirudishie ile yangu. Nikasema leo hii hii. Nikafungua kompyuta kuitafuta, wanangu, na haikuwepo. Ile siku ya kwanza nilipokata kichwa nilihifadhi juu ya ile ile, ya kwanza ikafutika. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nami nikaijibu ndiyo. Na kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta kwa ajili ya harusi ya watu. Kilichobaki ni gauni, kiti, mikono, na juu ya shingo hakuna kitu, ukuta mtupu. Nikamwambia wino wa mashine ya kuchapia umekwisha. Wiki iliyofuata nikamwambia karatasi. Akajua, akaacha kuuliza. Alikuwa na mimba yako, Maulida. Alikuzaa mwezi wa Maulidi, akakunyonyesha kwa taabu, hata meno hujaota akaondoka, na mume wake mpiga picha hana hata uso wake mmoja.

Mjomba wenu Alawi alikuja siku ya tatu ya matanga kuniomba picha ya dada yake ampelekee mama yao. Nilimwambia habari ya paa. Alinitazama, akatoka, na tangu hapo hajavuka kizingiti hiki. Ninyi mmekua mkidhani mjomba ana kiburi. Hana. Alinijua mwongo akaninyamazia, na haki ilikuwa yake. Baada ya hapo nilijaribu kuutengeneza uso, nikachukua macho ya Esha, kidevu cha Alawi, paji la Farhan, nikaviweka juu ya ile mikono. Akatoka mtu, lakini hakuwa Chausiku. Na nilipomwangalia sana yule wa uongo, yule wa kweli akanitoka. Mimi mumewe, nikifumba macho naiona mikono tu. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na sijaiona kuwa kubwa mno.

Sasa lililo zito, maana hayo ya nyuma mngeweza kuyasamehe. Kabla miguu haijanikataa nilikwenda Kiwangwa kumpiga mjukuu wa Marselina siku ya komunyo yake ya kwanza. Marselina amekuwa bibi sasa. Alinipa uji, akanionyesha ukuta, akaniambia, Mzee Msabaha, mkeo yupo nyuma ya mama yangu. Ile picha ya kwanza niliyompelekea kuangalia mavazi, yenye kichwa cha mama yenu, hakuitupa kama nilivyodhani. Fremu ilikuwa inalegea, akaiweka nyuma kukaza, imekaa humo miaka yote. Akasema, mimi nikimwombea mama yangu na yule namwombea, maana alimkopesha mwili. Akataka kuishusha anifungulie. Nami nikamwambia acha, mama, usijisumbue.

Niliogopa. Sina neno jingine. Nilijua nikirudi nayo mtauliza imetoka wapi, na paa lingenivujia mimi. Nikapanda bodaboda nikarudi, na wewe Maulida ndiye uliyenifungulia mlango, ukanipokea begi. Juzi ukaniuliza, baba, mimi nimefanana na mama? Nikakwambia sana. Mwanangu, nilikuwa sijui. Sijui. Usilie karibu na simu, sauti itaharibika... lia basi, lia, ni haki yako.

Nawe Farhan keti, usitoke. Utanikasirikia nikishamaliza.

Nendeni Kiwangwa nyote watatu, na mpitie kwa mjomba wenu Alawi mkamwombe awatangulie, mwambieni Msabaha amesema paa halikuvuja. Mkifika msiseme mmekuja kuchukua. Ombeni. Esha, shika vizuri haya ninayosema. Kabla fremu haijaguswa, mpige kwanza mama wa Marselina hapo hapo ukutani, vizuri, bila mng'ao wa kioo, ili wa watu awe salama kabla hujamtafuta wa kwenu. Kisha ndipo ufungue. Sura ya mama yenu imelalia kisogo cha picha ya mbele, na ukuta ule unavuta unyevu, huenda zimenata. Usibandue kwa kucha, nakuapia utamtoa ngozi. Zile zimesafishwa kwa dawa, si za wino, zinastahimili maji. Ziloweke kwenye beseni la maji safi na uwe na subira, ziachane zenyewe. Zisipoachana, au zikiachana na uso umebaki upande wa pili, basi... basi jueni alikuwepo, na mimi ndiye niliyemwacha humo. Ikitoka salama, ihifadhi mara mbili, kwa majina mawili. Kompyuta ikikuuliza kama una hakika, simama kwanza.

Ya kwanza kusafishwa mpe Alawi. Ya pili itundikwe hapa sebuleni. Mimi msinitundike pembeni yake. Akae peke yake, watu wamwone. Wale wengine, wa Mbegani, wa Mapinga, msiende kuwaambia. Wanamlilia mama yao, msiwanyang'anye. Lakini mkiingia nyumba ya mtu mkaliona lile kovu la kidole, someni Fatiha kimoyomoyo.

Nimechoka. Esha, fungua dirisha... Mungu awape yaliyo mema, awape vizazi vyenye haya na ukweli, asimwache mmoja wenu akasema ngoja kwa mtu anayempenda. Mimi niombeeni msamaha kwa mama yenu. Nami nikimkuta... sijui kama atanigeukia.

Maulida. Kaa vizuri, mama. Hapo kwenye mwanga. Weka mikono mapajani... huu juu ya huu. Ehee. Ndiyo yenyewe. Mikono ndiyo yenyewe, mwanangu, hiyo naijua, hilo nakuambia kwa kweli.

Shusha mabega. Usitikisike...

Hapo hapo.