Meneja wa Meza ya Pasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Meneja. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Lakini Meneja hakuwa meneja. Alikuwa mpiga pasi ughaibuni, kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia nguo, akinyoosha mashuka ya hoteli. Narudia ili tuelewane: mpiga pasi.

Jina alijitwika mwenyewe. Alipoanza kazi, mama alimuuliza kwa simu kama si nzito. Akatania, "Mama, huku mimi ndiye meneja." Mama hakuusikia utani. Alitoka mbio kuwaambia majirani, na nani angekuwa na moyo wa kumkatiza furaha ile?

Mdogo wake ni seremala. Alikuwa na karakana yake, na watu wakipanga foleni kusubiri vitanda vyake. Naye akataka kumfuata kaka. Meneja akamwambia, "Subiri kidogo, mdogo wangu." Mama akaja juu: "Kashiba, sasa anataka kula peke yake!" Maneno hayo yalimchoma Meneja. Akanywea, akasema njoo.

Seremala akauza randa, misumeno na karakana yenyewe. Alipofika akaingizwa kwenye chumba kilichojaa mvuke, akamkuta kaka yake anatiririka jasho.

"Kaka, ofisi yako iko wapi?"

"Ndiyo hii meza. Yako ile pale."

Seremala anasema walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha kaka akaanza kulia. Nyumbani hawakusema kitu. Wangeanzia wapi?

Juma lililopita Meneja alianguka kazini, moyo ukasimama. Seremala akajiapiza: safari hii namwambia mama kila kitu.

Mama akapiga. Walilia pamoja. Alipotulia, akauliza, "Nafasi ya kaka yako kaichukua nani?"

"Bado hakuna mtu, mama, lakini..."

"Lakini nini? Dada yako kaacha ualimu, kashafunga mizigo. Na wewe usiniambie subiri!"

Seremala ameniambia, "Nikasema aje."

Mama, najua kipindi hiki hukikosi. Pole sana, mama yangu. Mwanao ameniomba niyaseme mimi, yeye yamemshinda. Nami nimechelewa, maana mwalimu kapanda ndege asubuhi hii.

Familia yote, poleni kwa msiba. Na wewe msikilizaji mwenye ndugu wa mbali, ukimpigia leo muulize kazi yake ni ipi hasa. Kisha nyamaza, mpe nafasi ajibu.