Mtindi Uliosingiziwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wakaguzi wenzangu, wafanyabiashara mlioalikwa, mke wangu na wanangu: nawasalimu nyote.

Mmenisifu sana tangu asubuhi. Mshereheshaji amesema kwamba katika miaka thelathini na moja ya ukaguzi wa vyakula sijawahi kumwonea mtu. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine, yenye shukrani na mzaha kidogo. Nimeikunja, iko mfukoni. Siwezi kustaafu na sifa ya uongo.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, ameketi mama mmoja ambaye wateja wake wanamwita Mama Vichupa. Nilipompelekea mwaliko aliniuliza, "Nije kufanya nini, Mkaguzi? Kula keki?" Nikamwambia, "Uje usikie." Amekuja. Naomba basi asikie.

Mama huyu anatengeneza mtindi jikoni kwake. Nimekagua viwanda vyenye mageti na walinzi, lakini jiko lililonishinda kwa usafi ni lile. Sufuria zinang'aa, vitambaa vinachemshwa, na kila chupa ina karatasi aliyoiandika kwa mkono: iwekwe kwenye baridi wakati wote. Kila alfajiri alipeleka chupa zake kwenye duka kubwa la mtaa, ndani ya sanduku la barafu. Duka lilimpa karatasi asaini: chochote kikiharibika, lawama ni ya mtengenezaji. Akasaini. Angefanya nini, na rafu si zake?

Siku moja watoto watatu wa fundi cherehani walilazwa kwa kutapika. Walikuwa wamekunywa mtindi ule. Mwenye duka, ambaye namwona hapo safu ya tatu, karibu sana tajiri, aliulizwa. Akajibu, "Mimi nauza tu. Muulizeni aliyepika."

Nami nikaenda kwa aliyepika. Nilikwenda na gari la ofisi, saa nne asubuhi, mtaa mzima ukitazama. Nikabandika karatasi nyekundu mlangoni pake: JIKO LIMEFUNGWA. Mama alitoka akifuta mikono, akaniuliza swali moja tu. "Mkaguzi, umepita dukani kwanza?"

Ndugu zangu, sikuwa nimepita. Na mnajua nilimjibu nini? "Mama, usinifundishe kazi."

Swali lake lilikuwa ndiyo kazi yenyewe!

Hakunitukana. Kwa wiki mbili watoto wake waliitwa watoto wa sumu shuleni, na wifi yake mwenyewe akaacha kunywa hata maji nyumbani kwake. Kisha siku moja akaamka mapema, akaenda dukani kama mteja mlango ulipofunguliwa tu, akashika chupa za maziwa ndani ya friji. Zilikuwa vuguvugu. Mwanamke anayepiga deki pale akamnong'oneza, "Dada, kila jioni tajiri anachomoa plagi. Anasema umeme ni ghali." Wakaja wote wawili ofisini kwangu. Yule mpiga deki alijua atafukuzwa kazi, na kweli akafukuzwa, lakini aliyaandika yote kwa jina lake kamili.

Kesho yake nilifika dukani mlango ukifunguliwa. Plagi ilikuwa sakafuni, pembeni yake dimbwi la maji. Maabara ikamaliza ubishi: mtindi niliouchukua jikoni kwa mama siku ile ya kulifunga ulikuwa salama, ule uliobaki dukani ulikuwa umeoza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Duka lilifungwa siku mbili. Siku mbili! Jiko la mama lilibaki limefungwa miezi minne, kwa sababu barua ya kulifungua ilisubiri sahihi. Ndugu Mkurugenzi, sahihi hiyo ni yako. Nilikukumbusha mara sita, ukaniambia nisiwe na haraka. Haraka ya nani? Ya mtu aliyekaa na jiko safi asiloruhusiwa kuwasha?

Na ile karatasi ya kusaini bado inatumika, hata leo. Wanaosindika jemu, achari na biskuti majumbani wanaisaini kila wiki. Duka linachukua chupa, linachukua faida, linachukua na sifa chupa ikipendwa. Chupa ikioza, ghafla duka halijui kitu! Mheshimiwa Mwenyekiti, kanuni ya kumbebesha muuzaji dhamana ya kile kilicho kwenye rafu yake iko mezani kwako tangu mwaka jana. Ni ukurasa mmoja. Isome.

Wakaguzi vijana, mtakaa kwenye kiti changu kuanzia Jumatatu. Mlango wa mnyonge ni rahisi kubandika karatasi, ndiyo maana tunaanzia hapo. Anzieni dukani.

Mama, barua ya kukusafisha tuliiweka kwenye faili. Hakuna aliyeibandika mlangoni, hakuna gari lililokuja, mtaa haukuambiwa. Nilikufungia mbele ya watu, nikakufungulia kimyakimya. Kwa hiyo leo, mbele ya Mwenyekiti, mbele ya tajiri, mbele ya wanangu, nasema: mtindi wako ulikuwa mzima. Mkosaji nilikuwa mimi. Nisamehe.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Nimemaliza kazi yangu.