Swichi Iliyofichwa

Abiria humsahau dereva, ndiyo maana Chengo, mwenye tuktuk pale Msambweni, husikia mengi. Saa mbili asubuhi alikuwa amembeba Bi Mwanasha, mchokoaji pweza, na kijana mgeni aliyempa bibi huyo shikamoo yake kamili kabla ya kumwuliza mbona anaigombeza simu.

"Ukurasa wa maji kupwa na kujaa haufunguki, mwanangu."

"Ni skripti, bibi. Maagizo yanayoendesha matangazo na madoido. Ngoja nizizime." Akazama kwenye mipangilio ya brauza, chini kabisa, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka papo hapo, maandishi matupu.

"Subhanallah," Bi Mwanasha alisema taratibu. "Na swichi hii wameificha huko kote?"

"Afadhali ifichwe. Watu wataizima ovyo, waharibikiwe."

Bibi akasoma, kisha akahesabu kwa vidole. "Hapa wanasema maji yalikupwa saa moja. Leo mwezi una siku kumi na tano. Hayapwi kabla ya saa nne."

Kijana akaichukua simu, akazikagua saa zilizoandikwa. "Hizi ni saa za Uingereza. Skripti ndizo huongeza masaa matatu ya kwetu. Umeona hasara ya kuzizima?" Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini bibi, umejuaje kwa vidole?"

Chengo akasimamisha tuktuk ufuoni. Maji yalikuwa bado yamefunika miamba. Wote watatu wakayatazama.

"Niiwashe tena swichi?" kijana aliuliza.

Bi Mwanasha akashuka na mchokoo wake, kijiti cha kutolea pweza miambani. "Iache. Hayo matatu nitayaongeza mwenyewe."