Mama Sababu, Mwalimu Aliyeambiwa Hajaiva

Baba Paroko, masista, walimu, majirani na ndugu wote: mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza nisome wasifu wake. "Usilielie," aliniambia, "na usinipake asali. Sema yaliyokuwa." Basi nasema yaliyokuwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, katika chumba cha nyuma cha zahanati ambako mama yetu alikuwa mkunga. Mama alikuwa zamuni siku hiyo. Asubuhi alimzalisha mwenzake, jioni akazaa mwenyewe. Aliyempokea mtoto alipenda kusema kwamba yule binti alitoka amekunja ngumi. Baba alikuwa seremala, na mabenchi mliyokalia kanisani leo asubuhi yalitoka mikononi mwake.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1963. Akiwa darasa la tatu, sista wa hesabu aliandika jibu ubaoni na darasa zima likanakili. Dada akabaki na kalamu hewani.

"Mbona huandiki?"

"Sista, sijaona sababu yake."

Alipigishwa magoti mpaka kipindi kikaisha. Lakini sista yuleyule, siku ya kuhamishwa, alimwita kando akamwambia, "Usije ukaacha kuuliza, mwanangu. Ila uliza ukiwa umenawa uso, bila kununa." Dada alimaliza sekondari mwaka 1974 na chuo cha ualimu mwaka 1976. Januari iliyofuata alipangiwa kufundisha hisabati katika sekondari ya wasichana ya jimbo, na hakuhama tena. Huko ndiko wanafunzi walikompa jina la Mama Sababu, maana kwake jibu lisilo na sababu lilipata sifuri hata likiwa sahihi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa vyerehani na mwimbaji wa besi kwayani. Walikutana shuleni, alikokuja kutengeneza vyerehani vya darasa la ushonaji. Shemeji alisema cherehani kimoja hakifai tena. Dada akamuuliza sababu. Fundi akakifungua chote juu ya meza, kipande kwa kipande, kumwonyesha. Wiki iliyofuata akarudi kutengeneza mashine ambayo wala haikuwa mbovu. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mvulana mmoja.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengine wangependa nilipite kimyakimya. Mwaka 1986 nafasi ya mkuu wa shule ilipokuwa wazi, walimu wenzake walimpendekeza. Jibu likaja kwamba bado kijana, hajaiva. Mwaka 1992 ikasemwa ana watoto wadogo, atagawanyika. Mwaka 1996 watoto wamekua, na ujana umekwisha. Ikaonekana kwamba ni mlei, si mtawa, na shule ya Kanisa inataka mtu wa ndani zaidi. Alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwambia mumewe, "Kumbe mimi ni parachichi. Kila wakija wananibonyeza, kisha wananirudisha kapuni." Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Yeye hakucheka.

Hata hivyo, cheo walimnyima, kazi hawakumnyima. Aliendesha vikao vya wazazi, aliongoza sala za asubuhi, alikaa na mabinti waliofiwa. Kwa hiyo Agosti 2001, Sista aliyekuwa mkuu wa shule alipohamishwa ghafla, hapakuwa na mwingine wa kukaimu.

Bodi ilikutana mwezi huohuo. Katibu wa elimu wa jimbo akasema, "Mwalimu, wale wasichana wa mkia wakafanyie mtihani kwingine. Watatuharibia nafasi yetu katika matokeo."

"Wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Hawawezi tu."

Dada akasimama. "Getini kwetu pana msalaba, hapana ubao wa matokeo. Nikimtoa mtoto kwa kuwa ni mzito wa kuelewa, kesho nitasimama mbele ya nani nimfundishe dini?"

"Basi hujawa tayari kuongoza. Kiongozi hufanya maamuzi magumu."

"Huu ndio uamuzi mgumu, mheshimiwa, na nimeshaufanya. Wote niliwasajili juzi."

Wiki haikuisha, wakamvua ukaimu. Hakugomba wala hakuomba radhi. Alirudi darasani, na kila alasiri akawakusanya wasichana hao bwaloni, meza zikiwa bado zimelowa maji ya kufutia, akawafundisha. Sitawadanganya hapa kaburini: shule ilishuka mwaka ule. Baadhi yao walifaulu, baadhi hawakufaulu, ila hakuna aliyefukuzwa. Wale wanawake waliobeba jeneza kuingia hapa leo, mkadhani ni wanakwaya, ndio hao wasichana wa mkia. Watazameni vizuri.

Mwaka 2004 Baba Askofu alimwita. "Mwalimu, sasa uko tayari?"

"Baba Askofu, kama kuwa tayari ni kutoogopa, bado naogopa. Kama ni kujua yote, sijui. Lakini kama ni kusimama mbele ya watu na kujibu kwa nililoamua, nimekuwa tayari siku zote. Aliyekuwa hayuko tayari si mimi. Na mtoto simfukuzi kwa ajili ya nafasi."

Askofu akasema, "Basi uanze Jumatatu."

Aliongoza mpaka alipostaafu Juni 2016. Hakuwa malaika. Aliwahi kumtuhumu mpishi kwa wizi wa sukari. Ilipobainika si yeye, alimwomba msamaha gwaridani, mbele ya shule nzima. Kila mwalimu, hata mwenye haya, alilazimishwa kuendesha kikao cha wazazi. "Hakuna aliyeiva akiwa amefungiwa kabatini," alisema. Wakuu kadhaa wa shule za jimbo waliopo hapa walitetemekea vikao hivyo.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Wodini aliuliza sababu ya kila kidonge, mpaka wauguzi wakawa wanaanza kumweleza kabla hajafungua mdomo. Mwaka huu hali ilizidi. Paroko alipokuja kumpaka mafuta matakatifu, alimuuliza taratibu kama yuko tayari. Dada akafumbua jicho moja: "Baba, na wewe pia? Nyinyi hamchoki na swali hilo?" Wote tukacheka, Paroko kuliko sisi. Kisha akaitikia sala zote kwa sauti. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, mkwe, wajukuu wanne, sisi wadogo zake watatu, na mabinti wengi wasio wa damu yake ambao hawakubali kuambiwa hivyo. Kwa mwanamke yeyote aliyesimama hapa ambaye huambiwa asubiri kidogo, familia inasema: dada yetu hakusubiri, alifanya kazi.

Bwana amlaze pema na ampe amani, ile amani ambayo duniani alikataa kuinunua kwa kunyamaza.