Tuachieni Idder na Greda Lake la Theluji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Azelmad, mkuu wa barabara za jimbo. Lalla Tuda, mwenyekiti wetu. Wazazi na wanamichezo wenzetu, asalamu alaikum.

KARIBU MLIMANI
Sisi wakimbiaji na waendesha baiskeli wa Ain Tamda tumefurahi kukuona. Tunajua una shughuli nyingi. Barua zetu nne zote zilikukuta na shughuli nyingi.

TULIKOTOKA
Klabu ilianza na watu saba na viatu jozi tano. Kiangazi tulifanya mazoezi, theluji ikianguka tukalala na kunenepa. Ndipo Idder, dereva wa greda la theluji, alipotuita: "Nyie, mnalala nini? Nifuateni. Mie nakwangua, nyie kimbieni." Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi mwaka mzima, wakimbiaji mbele, baiskeli nyuma.

Ni kweli kwamba Ijumaa moja, tukiwa tumeinamisha vichwa kwa sababu ya upepo, tulimfuata mpaka uani kwake, kumbe anakwenda kula. Mkewe, Lalla Izza, alichungulia akaona watu ishirini na watatu. "We Idder! Hawa wote umewaokota wapi? Na mbona wamekonda hivi?" Kuskusi haikubaki hata punje. Tunamwomba radhi kwa mara ya tatu.

MAFANIKIO
Medali sita. Na Tunalit, binti wa mwoka mikate, amechaguliwa kukimbia mbio za nyika za taifa mwezi Machi. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa kutoka hapa kwetu. Zimebaki wiki saba.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, na ina saini yako. Barua inasema kuanzia leo Idder anahamia ghala la bandarini, kwa kosa la "kuendesha taratibu kupita kiasi". Hatubishi. Anakwenda kilomita kumi na tano kwa saa, kwa kuwa hiyo ndiyo kasi ya Tunalit. Tumeambiwa pia kwamba gari lililokwama nyuma yetu siku moja, likatupigia honi dakika arobaini, lilikuwa lako. Mheshimiwa, tulidhani unatushangilia. Ndiyo maana tulikupungia mikono.

OMBI
Idder abaki hadi Machi. Akiondoka, Tunalit hana pa kukimbilia ila kulizunguka tanuri la baba yake, na sisi tunaumia kumwona anavyojikaza asilie.

Jambo la mwisho, tusikufiche. Tangu uketi, theluji imefika magotini na barabara ya kushukia kwako imefungwa. Greda liko hapo nje. Tumemwendea Idder, tukamkuta anaota moto. Kasema: "Si nimehamishwa? Amri ya mkubwa nitaivunjaje mie?"

Karatasi na kalamu viko mezani, pembeni ya chai yako ya mnanaa. Hatukulazimishi, Lalla Izza amekutandikia kitanda.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama, iwe leo au siku atakayopenda Yeye.

Ni sisi,
Klabu ya Mbio na Baiskeli, Ain Tamda