Josho Nililoling'ang'ania

Kaeni chini wote, na wewe Zadock uache mlango, ukae karibu na mama yako. Nitasema kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu Benta mke wa Nchagwa ametoka Migori na Kikuria chetu bado kinampita, na pili kwa sababu mambo nitakayosema ni ya kazi ya serikali, na kazi hiyo niliifanya kwa Kiswahili tangu ujana wangu mpaka juzi mliponibeba kutoka joshoni. Msinikatize. Nikinyamaza, ngojeni, maana nitakuwa natafuta pumzi tu. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikiandika ripoti za ng'ombe waliokufa na kilichowaua, na leo nitatoa ripoti yangu kwa namna hiyohiyo, bila kulia na bila kujipaka sukari.

Mambo ya shamba ni mafupi. Shamba la juu, lenye wimbi, ni la Nchagwa. Lile la chini linaloelekea mtoni ni la Zadock, na mpaka wenu ni ule mtaro niliouchimba mwenyewe, hakuna mpaka mwingine. Nyumba hii ni ya Rael mama yenu mpaka siku atakapoifunga mwenyewe kwa mkono wake. Kitabu cha pensheni kiko ndani ya sanduku la bati, na mkishanizika, mmoja wenu akipeleke Homa Bay kwenye ofisi ya DC, aseme mwenye kitabu amekufa, akirudishe. Mtu asikae nacho hata mwezi mmoja akisema mzee bado anapumua. Najua familia mbili hapa Kehancha ambazo wazee wao walikufa zamani na bado zinapokea pesa zao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwaite. Nilistaafu idara ya mifugo mwaka wa sitini na mbili, nikapewa kiti, saa ya ukutani na pensheni. Nilikaa nyumbani miezi minne. Mtu asiwaambie kwamba nilirudi kazini kwa njaa, maana pensheni ilitutosha na wimbi lilikuwa ghalani. Nilirudi kwa sababu watu waliokuwa wakinisimamisha njiani, bwana mifugo ndama wangu anatetemeka, bwana mifugo njoo uone, walianza kunipita kwa salamu ya mbali, na mimi sikulala vizuri tena. Kaunsili ilipojenga josho la kuogeshea ng'ombe hapa na kutafuta mwangalizi, nilivaa koti langu la kazi la zamani nikaenda kuiomba kazi, na wakanipa kwa sababu walinijua. Wengi wa rika langu walifanya vivyo hivyo. Mwalimu mmoja aliyestaafu kule Asumbi akawa karani wa ushirika, polisi mmoja wa zamani akawa mlinzi wa duka la Mhindi pale Migori, na kila mwisho wa mwezi tulikutana Homa Bay kwenye benchi la pensheni, tukicheka kwamba serikali ilituaga mlangoni na sisi tukaingia kwa dirisha. Vijana waliokuwa na vyeti vyao mikononi walitutazama tukicheka. Sikuona ubaya wowote wakati ule.

Zadock, nipe maji. Kidogo tu.

Mwaka wa sitini na sita kaunsili ilimleta Werema, mwana wa Rispa, mjane wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya miezi sita, kijana msafi, asiyechelewa, anayeandika kila kitu. Ofisa aliyemleta aliniambia mbele yake, mzee, mfundishe, mwisho wa mwaka akikaa sawa tutakuacha upumzike na pensheni yako. Nilisema ndiyo bwana, na nilikuwa nikitabasamu, lakini moyoni niliumia na nikamchukia yule kijana saa ileile, na hajawahi kunikosea neno.

Ninyi mnajua josho linavyochanganywa. Kuna fimbo ya kupimia yenye alama, unaisimamisha ndani ya tangi, na kwa kila alama ya maji unatia kopo moja la dawa ya kupe. Ndivyo wanavyofundishwa wote. Fimbo ya kaunsili ilivunjika zamani, kabla Werema hajaja, nikachonga yangu, na kwa kuwa napenda kupima kwa uangalifu niliweka alama zake karibu karibu, mbili zangu kwa moja ya kaunsili. Kwa hiyo kwa fimbo yangu ilikuwa kopo moja kwa alama mbili. Mwanzo haikuwa hila, ilikuwa kazi nzuri tu. Hila ilianza siku Werema alipoishika fimbo ile akauliza, mzee, kopo ni kwa kila alama, siyo. Mimi nilikuwa nimeinama nikifunga lango la ng'ombe. Nikamwambia, wewe tazama tu ninavyofanya. Na nikawa natia dawa mwenyewe kila mara, nikimpa mgongo, ili aonekane hajui na mimi nionekane siachiki.

Miezi minane nilimnyima neno moja. Lingenichukua muda wa kuwasha kiko.

Halafu mwisho wa mwezi ukafika na nikaenda kuchukua pensheni. Josho tulikuwa tumelimwaga na kulitoa matope, maji mapya yalikuwa yanaingia, na mpango wangu ulikuwa nirudi Jumatano, nichanganye mwenyewe, Alhamisi ng'ombe waogeshwe. Jumanne usiku mvua ilinyesha ikakata barabara, na basi likakaa kule upande wa pili wa daraja siku mbili. Nilikaa ndani ya lile basi na pesa za pensheni ndani ya soksi, nikijua Alhamisi imefika na watu wameleta ng'ombe wao. Werema hakutaka kuwarudisha watu waliotembea tangu alfajiri. Alisimamisha fimbo yangu ndani ya tangi, akahesabu alama zote, akatia kopo kwa kila alama kama alivyofundishwa. Hakukosea hata kidogo katika alichofundishwa.

Ng'ombe wa Mirumbe ndio waliotangulia kuingia. Walianza kuanguka kabla hawajafika kwao. Kumi na mmoja, na maziwa ya wajukuu wake wote yalikuwa humo. Niliporudi Ijumaa nilikuta mizoga imepangwa kando ya njia na Mirumbe ameketi katikati yao, na Werema anakingwa na watu wawili asipigwe. Aliponiona alifurahi, wanangu. Alisema, sasa mzee amefika, muulizeni mzee kama sikupima. Na mimi nikasema, mimi sikuwepo.

Neno langu lilikuwa hilo tu, na lilikuwa kweli, nikaliacha lifanye kazi. Jioni ile niliingiza fimbo kwenye moto wa jikoni. Rael, uliniona, ukasogeza sufuria ili nipate nafasi, na hukuniuliza. Nakushukuru kwa hilo na nakulaumu kwa hilohilo. Ofisa alipokuja akitaka kuiona fimbo niliwaambia watu iliangukia tangini siku ya fujo. Werema akafukuzwa kwa uzembe. Mimi nikaombwa niendelee, kwa sababu, walisema, mmeona wenyewe kazi hii si ya vijana.

Wazee waliamua upande wa Rispa umlipe Mirumbe. Walitoa ng'ombe tisa, na wale tisa walikuwa mahari ya dada yake Werema, waliokuwa wakingojea kumwoza Werema mke, kama ilivyo kwetu kwamba mahari ya dada humwoza kaka. Wazazi wa msichana aliyemchumbia walingoja mavuno mawili, wakamwoza kwingine. Werema akavuka mpaka, yuko Musoma anabeba magunia ya pamba. Rispa hupita hapa kila siku ya soko na hunisalimia vizuri, mzee umeamkaje, kwa sababu anaamini mwanawe aliua ng'ombe wa watu na mimi nilijaribu kumfundisha. Ningependa anitukane. Nimeona aibu mbele ya mama yule kwa miaka miwili na nikaendelea kuvaa koti langu.

Ngojeni.

Ngojeni kidogo.

Haya. Fanyeni hivi. Ng'ombe walio katika boma langu ni kumi na wanne. Hesabuni tisa wasio wazee, wapelekwe kwa Rispa mchana, watu wakiona. Zadock, najua walikuwa mahari yako na umekwisha kuongea na watu wa yule msichana. Nakuomba radhi. Waambie baba yako alikula ujana wa mwenzako, na sasa unasubiri kama yeye alivyosubiri, lakini wewe una watano wa kuanzia na jina lisilo na doa. Kisha uende Musoma wewe mwenyewe, usitume barua, umtafute Werema, umwambie niliyoyasema hapa, alama mbili kwa kopo moja, yeye ataelewa mara moja. Naye Nchagwa, kama mkubwa, aitishe baraza la wazee, Mirumbe awepo, ayaseme yote mbele yao. Msipunguze kitu kwa ajili ya kaburi langu. Watakaopenda kuja kunizika wakijua, watakuja. Wasiokuja, msiwafuate.

Sasa jambo la mwisho, na ni lako, Nchagwa. Nilipoanza kuugua nilimwandikia ofisa kwamba wewe unafaa kunirithi joshoni. Sikuwa nimemaliza ubaya wangu, nikaongeza na huo. Jana tarishi alileta barua, na kabla ya chai nilisikia mkeo akiimba. Barua iko ndani ya mfuko wako wa shati, naiona kona yake. Umekaa miaka mitano bila kazi na una watoto watatu, na naijua sura ya mtu aliyepata kazi, kwa sababu niliwahi kuwa nayo mara mbili wakati wengine hawajaipata mara moja. Lakini kazi hiyo ni ya Werema. Utairudisha, na utamwambia ofisa kwa nini.

Njoo Zadock, nikushike kichwa. Mungu akupe mke mpole na ng'ombe wasiougua. Benta, binti yangu, sogea. Uzae, ulee, watoto wako wasimwogope mtu. Rael... wewe nimekubariki kila siku bila kukuambia. Kaa salama katika nyumba yako.

Nchagwa. Baraka yako ninayo, haijaenda kwa mwingine. Lakini barua kwanza. Itoe, uiweke hapa juu ya blanketi... niione. Mbona unamtazama Benta, mimi ndiye ninayekuomba. Sikulazimishi. Nimekosa nguvu za kumlazimisha mtu. Mkono nimeuinua, mwanangu, unauona... lakini hautakaa juu muda mrefu.